Mtoto wa Mwisho Kutoka Majini

Mazungumzo yetu leo yanahusu watoto, maji na kocha. Nataka tuulizane: timu ya watoto wanaojifunza kuogelea isimame juu ya misingi ipi? Na kocha wao aamini nini kabla hajapuliza kipenga?

Najua kuna atakayesema kuogelea ni mambo ya Dar es Salaam na Zanzibar, sisi watu wa nchi kavu na kuogelea wapi na wapi. Lakini tutazame tulipo. Mji wetu wa Singida umekaa kati ya majabali na maziwa mawili, Singidani na Kindai. Wilayani Iramba kuna Ziwa Kitangiri. Msimu wa mvua ukiingia, makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu hujaa kwa saa chache, malambo hufurika, na mashimo yaliyochimbwa mchanga na kokoto hugeuka madimbwi. Mtoto anayechunga hawezi kuyakwepa maji, maana ng'ombe lazima wanywe. Mtoto anayetumwa kisimani hawezi kuyakwepa. Na jua la saa nane mchana likiwaka, wavulana huvua mashati wakajitosa, iwe tumewaruhusu, iwe tumewakataza. Watoto wetu wako majini tayari. Walichokikosa ni mtu mzima wa kuwafundisha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Bara letu la Afrika ndilo lenye kiwango kikubwa kuliko mengine. Umoja wa Mataifa ukaona jambo hili ni zito kiasi cha kutenga siku yake, tarehe 25 Julai kila mwaka. Na hapa Tanzania hatuhitaji kukumbushwa. Tunazo ajali za vyombo vya majini: MV Bukoba ya mwaka 1996, Spice Islander ya mwaka 2011 na MV Nyerere ya mwaka 2018. Hizo zilitangazwa dunia nzima. Mtoto mmoja anayezama lamboni hatangazwi popote, lakini mama yake analia kilio kilekile.

Kwa hiyo, msikilizaji, msingi wa kwanza wa timu ya watoto ni uhai. Medali ije baadaye, na isipokuja si neno. Kocha mwema utamjua hata kabla hujaona anavyofundisha kupiga maji, kwa kuwa utamsikia akihesabu. Anahesabu watoto kabla hawajaingia. Anawapanga wawili wawili, kila mmoja ajue mwenzake ni nani. Mazoezi yakiendelea anapuliza kipenga, kila mtoto anamshika mwenzake mkono na kuuinua juu, naye anahesabu tena. Wakitoka, anahesabu mara ya mwisho. Simu yake iko mfukoni kwenye begi, haipo mkononi, kwa sababu mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo uko usawa wa maji, pumzi haitoshi hata kuita, na ndani ya dakika moja au mbili mambo yanaweza kuwa yamekwisha. Kocha wa namna hii haondoki ukingoni mpaka mtoto wa mwisho ametoka. Na hapo ndipo nitakapojenga hoja yangu yote ya leo: timu ya watoto hupimwa kwa yule wa mwisho. Wa kwanza hata asipokuwa na kocha atafika. Tazama wa mwisho anatendewaje, utajua timu hiyo ina misingi au haina.

Chukua somo la kwanza kabisa, somo la kuelea. Mtoto amesimama kwenye maji ya kiunoni. Kocha anaweka kiganja chini ya kisogo chake na kingine chini ya mgongo, anamwambia alale chali. Masikio yaingie majini, kidevu kielekee juu, macho yatazame mawingu. Kisha anamwambia avute pumzi ndefu na kuibana kidogo. Mapafu yakijaa hewa, mwili unaelea kama dumu tupu lililofungwa kifuniko. Mtoto akiogopa na kuinua kichwa ili aone miguu yake, kiuno kinashuka, miguu inazama, na mwili wote unafuata. Akilegea, maji yanambeba. Kocha anaondoa mkono wa mgongoni, halafu polepole anaondoa wa kisogoni, bila kumdanganya. Anamwambia waziwazi, "Sasa nakuachia, niko hapa." Mtoto akigundua kwamba yuko juu ya maji peke yake, sura yake hubadilika palepale. Ukiwa umeisimamia shughuli hiyo hata mara moja, hutahitaji kuambiwa kwa nini watu hujitolea kufundisha watoto.

Sasa mweke kwenye somo hilo kocha wa kufoka. Mweke mwenye fimbo. Mtoto akiogopa anakaza misuli, anapumua kwa juujuu, na kichwa anakiinua. Hayo yote ndiyo yanayomzamisha. Kwenye uwanja wa mpira kocha mkali anaweza kufoka na mchezaji akaendelea kukimbia, ingawa hata huko sikubaliani naye. Majini hofu ina matokeo ya papo hapo. Kwa sababu hiyo makocha wazuri wa kuogelea ni watu wa sauti ya kawaida. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli. Lakini kukunja si kuvunja. Nidhamu ya timu ipo, tena kali: kufika kwa wakati, kutokimbia ukingoni, kutomsukuma mwenzako, kutoingia majini kabla ya kuambiwa. Mtoto anayekiuka anakaa nje anatazama wenzake, na adhabu hiyo inatosha kabisa.

Msingi wa pili ni subira, na hapa Singida tuna mwalimu wetu wa subira. Tarehe 15 Septemba 2025 mkoa huu uliamka na habari kutoka Tokyo. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mampando, Ikungi, alikuwa ameshinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha, Mtanzania wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huohuo, ikabidi iangaliwe picha ya mstari wa mwisho. Baada ya kilomita 42 na ushei, walitofautiana kwa sehemu tatu za mia za sekunde.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tuirudie njia aliyopita. Mwaka 2016 alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 akapata shaba kwenye mashindano ya dunia London. Kutoka shaba ile hadi dhahabu ya Tokyo ni miaka minane, na siku anaipata alikuwa na miaka 33. Katikati hapo aliamka alfajiri ngapi ambazo hakuna redio iliyomtaja? Mzazi anayemtaka mtoto wa miaka tisa awe bingwa mwaka huu, na kocha anayemuahidi mzazi huyo ubingwa, wote wawili wapige hesabu hiyo.

Kwenye kuogelea subira ina maana mahususi. Mtoto mdogo hafundishwi kasi kwanza. Anafundishwa kuelea, kupuliza mapovu, kuteleza majini akiwa amenyoosha mikono, kupiga miguu akishikilia kibao, na kugeuza uso pembeni kuvuta pumzi. Mtindo huru ukikaa sawa, na kuogelea chali kukikaa sawa, ndipo aingie kwenye mtindo wa chura na kipepeo. Kocha mwenye haraka huona mtoto mwenye mwili mkubwa kuliko umri wake, akamkimbiza kwenye mashindano, mtoto akashinda kwa nguvu huku mikono yake ikikata maji vibaya. Miaka mitatu baadaye wenzake wamekua, nguvu zimelingana, na ule ufundi ambao hakufundishwa ndio unaomwacha nyuma. Anakata tamaa, anaacha. Mtoto huyo hakushindwa. Aliuzwa mapema.

Msingi wa tatu ni mtoto kushindana na jana yake. Kuogelea kuna uzuri huu: saa haina upendeleo. Mtoto aliyeogelea mita 25 kwa sekunde 40 mwezi uliopita, leo akaogelea kwa sekunde 37, ameshinda, hata kama kwenye kundi lake amekuwa wa sita. Kocha mzuri ana daftari. Kila mtoto ana ukurasa wake, na siku ya mashindano kocha anaanza kumpongeza yule aliyepunguza muda wake kwa kiasi kikubwa zaidi, ambaye mara nyingi si yule mwenye medali.

Tena mchezo wenyewe umewahi kutufundisha unyenyekevu kuhusu saa. Kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, mbio za mita 400 za mitindo mchanganyiko, Gunnar Larsson wa Sweden alimshinda Tim McKee wa Marekani kwa sehemu mbili za elfu za sekunde. Wenye mchezo wakakaa wakatafakari. Bwawa hujengwa na mafundi, na ukuta wa njia moja unaweza kupitana na wa njia nyingine kwa tofauti ndogo kuliko jicho linavyoona. Tofauti hiyo peke yake inatosha kutengeneza sehemu kadhaa za elfu. Wakaamua kuanzia hapo muda usomwe hadi mia za sekunde tu, na wakilingana, washiriki ushindi. Ndiyo maana kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mita 100 kipepeo, watu watatu walivalishwa medali ya fedha kwa pamoja: Michael Phelps wa Marekani, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungaria. Mchezo uliokubali kwamba si kila tofauti inayoweza kupimwa ni ya haki ni mchezo unaofaa kulelea watoto.

Na kuhusu mtoto wa mwisho, msikilizaji, nina kisa cha Sydney, mwaka 2000. Éric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alikwenda Olimpiki akiwa amejifunza kuogelea kwa miezi kama minane tu, kwenye bwawa fupi la hoteli nchini kwake. Bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza huko Sydney. Kwenye kundi lake la mita 100 walikuwa watatu, wenzake wawili wakaondolewa kwa kuanza kabla ya ishara. Akabaki peke yake, mbele ya maelfu ya watu. Mita 50 za kurudi nguvu zilimwishia, mikono ikawa mizito, na wengi walidhani atazama. Umati ukasimama kumshangilia mpaka akagusa ukuta. Alitumia dakika 1, sekunde 52 na sehemu 72 za mia, zaidi ya mara mbili ya muda wa mabingwa. Mwaka 2012 akateuliwa kuwa kocha wa timu ya taifa lake. Napenda sehemu hiyo ya pili ya kisa kuliko ya kwanza. Mtu aliyejua maana ya kuwa wa mwisho ndiye aliyekabidhiwa waogeleaji wa nchi yake.

Msingi wa nne ni kwamba msichana na mvulana wanaingia majini kwa haki sawa. Huku kwetu wavulana wanajifundisha wenyewe malamboni, wasichana wanabaki ukingoni wakifua. Matokeo yake msichana akiteleza, hana lolote la kujiokoa. Zanzibar walikuwa na ugumu huo pia, kwa sababu za stara na za desturi. Huko Nungwi, Mradi wa Panje uliutatua kwa kuheshimu desturi badala ya kupigana nayo: mavazi yanayofunika mwili mzima, walimu wanawake, na mazungumzo na wazazi kwanza. Wasichana wakaingia baharini, wakaelea, wakajifunza na kuokoa. Hakuna sababu jambo hilo lishindikane Singida. Na binti akitaka kujua maji yanaweza kumfikisha wapi, aambiwe habari za Kirsty Coventry wa Zimbabwe, mwenye medali saba za Olimpiki za kuogelea, ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho.

Hapo hapo niseme jambo ambalo wengi hulisemea pembeni. Kuogelea ni mchezo wa mtoto kuvua nguo mbele ya watu wazima. Kwa hiyo timu yenye misingi ina sheria zisizo na mjadala. Chumba cha kubadilishia nguo cha wasichana husimamiwa na mwanamke. Kocha habaki na mtoto mmoja faraghani. Mkono wa kocha unapomgusa mtoto, mtoto ameambiwa kwanza utagusa wapi na kwa nini, na mzazi yupo anatazama. Picha za watoto wakiwa na nguo za kuogelea hazipigwi ovyo wala kurushwa kwenye makundi ya simu. Kocha anayekasirika akiulizwa mambo haya, mchukue mwanao uondoke naye.

Tanzania yetu ina waogeleaji. Magdalena Moshi aliiwakilisha nchi kwenye Olimpiki za 2008, 2012 na 2016. Hilal Hilal alikuwa naye Rio. Paris mwaka 2024 tuliwaona Collins Saliboko na Sophia Latiff. Ni vijana wa kuheshimiwa. Lakini mchezo wenyewe umekaa zaidi kwenye klabu na shule chache zenye mabwawa, hasa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi kilio cha wadau kimekuwa bwawa la mita 50. Tukisubiri bwawa hilo lifike Singida, watoto wa leo watakuwa wameshakuwa wazazi.

Wenzetu wa Bangladesh hawakusubiri. Vijijini huko wamefunga jukwaa la mianzi ndani ya bwawa la kijiji, likawa na kina cha kumfaa mtoto na uzio pande zote, na kijana wa palepale aliyefunzwa ndiye mwalimu. Mtoto anahitimu akiweza mambo matatu: kuogelea mita 25, kuelea sekunde 30, na kumwokoa mwenzake bila yeye kuingia majini. Hilo la tatu nalitaka liingie kwenye kila shule ya mkoa huu kesho asubuhi, maana halihitaji hata tone la maji. Mtoto afundishwe kwamba mwenzake akizama, asijitose kumfuata, kwa kuwa anayezama atamkumbatia na watakwenda wote. Apige kelele kuita watu wazima. Anyooshe fimbo ya kuchungia au tawi. Arushe dumu tupu lililofungwa kamba. Na mtu mzima apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kwa vitendo, naona hivi. Mwenye hoteli au taasisi yenye bwawa hapa mkoani, atoe saa mbili za Jumamosi asubuhi, wakati wageni bado wamelala. Halmashauri ichague walimu wa michezo wachache, iwapeleke wakasomee kufundisha kuogelea, uokoaji na huduma ya kwanza, warudi kufundisha wengine. Watu wa afya wakague maji kabla ya mtoto kuingia, kwa maana malambo huweza kuwa na kichocho, na maji ya ziwa la chumvi nayo yanahitaji tahadhari zake. Wenyeviti wa mitaa wasimamie mashimo ya mchanga yafukiwe au yazungushiwe uzio kabla ya mvua. Tukianza na watoto ishirini wanaojua kuelea, tumeshakuwa na timu.

Nawe mzazi, siku timu hiyo itakapoanza, usimpeleke mtoto na kugeuza. Kaa, tazama, kisha muulize kocha kwa heshima. Kocha, wakati wa mazoezi unawahesabu mara ngapi? Mtoto anayeogopa maji unamfanyaje? Nani anakuwa na binti zetu wakibadilisha nguo? Na yule anayefika wa mwisho kila wiki, umemwandikia nini kwenye daftari lako? Akikujibu yote manne bila kubabaika, mwachie mwanao, mlipe stahili yake kwa wakati, na usimdai medali. Mwaka wa kwanza mdai jambo moja tu, kwamba mtoto wako akianguka kwenye maji marefu ajue kugeuka chali, apumue, na asubiri msaada akiwa hai.

Kama una bwawa, una ujuzi, au una saa mbili za Jumamosi, wafikie viongozi wa michezo wa halmashauri yako wiki hii, kabla mvua hazijaanza.